Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupunguza siku za kulazwa baada ya upasuaji wa kawaida

Majibu haya ni ya wakuu wa wodi, wauguzi, madaktari na wasimamizi wa fedha hospitalini, na pia ya mgonjwa au ndugu anayejiuliza kwa nini ataruhusiwa mapema kuliko alivyotarajia. Tunaposema upasuaji wa kawaida, tunazungumzia ule unaopangwa na kufanywa mara nyingi: henia, kutoa mfuko wa nyongo, kujifungua kwa upasuaji, kutoa kizazi, kubadilisha goti au nyonga, kukata sehemu ya utumbo mpana.

Kila mgonjwa akiruhusiwa siku moja mapema, tutaokoa kiasi gani?

Kidogo kuliko mnavyodhani, na hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Kosa lililozoeleka ni kuchukua gharama yote ya mgonjwa, kuigawa kwa idadi ya siku alizolala, kisha kusema kila siku iliyopungua imeokoa kiasi hicho. Siku hazilingani. Siku ya upasuaji inabeba chumba cha upasuaji, dawa za usingizi, vifaa, vipimo, pengine na damu. Siku ya mwisho mgonjwa anatumia kitanda, chakula, vidonge vichache na dakika kadhaa za muuguzi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba siku nzima ya mwisho ilichukua takriban asilimia 2.4 tu ya gharama yote ya kulazwa.

Tena sehemu kubwa ya gharama ya kitanda haiondoki na mgonjwa. Mshahara wa muuguzi, umeme na jengo vinalipwa hata kitanda kikiwa kitupu.

Fedha halisi hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza, kitanda kilichoachwa kinachukuliwa na mgonjwa mwingine. Chukua wodi ya vitanda 20 kwa siku 30, yaani siku 600 za kitanda. Kila mgonjwa akilala siku 5, wodi inapokea wagonjwa 120. Akilala siku 4, inapokea 150. Hao 30 wa ziada wanatibiwa bila kujenga wodi mpya, lakini ni pale tu chumba cha upasuaji kinapoweza kuwapasua. Kikibaki na uwezo wa wagonjwa 120, mmepata vitanda 4 vitupu. Hapo njia ya pili ndiyo inayobaki: kufunga vitanda hivyo au kupunguza zamu. Asipotokea mtu wa kufanya uamuzi huo, akiba inabaki kwenye karatasi.

Njia ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwetu: matatizo yasiyotokea. Mgonjwa mmoja aliyepata maambukizi ya kina au nimonia anaweza kugharimu kuliko wenzake kadhaa waliopona vizuri. Mambo yale yale yanayomfanya mgonjwa awe tayari kuondoka mapema ndiyo yanayomkinga na matatizo hayo. Kwa hiyo anayetafuta akiba kwa kukata siku ya mwisho anatafuta mahali pembamba. Siku hupungua kwa kazi inayofanyika kabla mgonjwa hajaingia wodini na katika saa 24 za kwanza.

Je, huku si kuwafukuza wagonjwa kabla hawajapona?

Ni hivyo kama mnabadilisha tarehe ya kuondoka na kuacha mengine yote yalivyokuwa. Mgonjwa mwenye maumivu, anayetapika, aliyefungiwa mpira wa mkojo na hajasimama tangu jana hajawa tayari, hata kama karatasi inasema siku zake zimekwisha.

Daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, aliligeuza swali hilo katika miaka ya 1990. Badala ya kuuliza mgonjwa alale siku ngapi, aliuliza kwa nini mgonjwa huyu bado yuko hospitalini leo. Mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha taarifa ya wazee wanane waliokatwa sehemu ya utumbo mpana na kuweza kuondoka baada ya siku mbili, wakati desturi ya upasuaji ule ilikuwa wiki na zaidi. Hawakutumia dawa mpya ya ajabu. Walitumia laparaskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, waliziba maumivu kwa ganzi ya uti wa mgongo, wakawalisha mapema na kuwasimamisha mapema, yote kwa pamoja. Kikundi cha Ulaya kiliendeleza kazi hiyo kuanzia mwaka 2001, na mwaka 2010 kikawa jumuiya ya kimataifa ya ERAS (kifupi cha Kiingereza cha kupona haraka zaidi baada ya upasuaji), inayotoa miongozo kwa aina moja moja ya upasuaji.

Swali la Kehlet linafaa kuulizwa kila asubuhi mbele ya kila kitanda. Majibu huwa machache: maumivu, kichefuchefu, utumbo uliolala, dripu na mipira, udhaifu wa kutosimama, au anasubiri mtu atie saini. Kila jibu lina dawa yake.

Nini kifanyike kabla ya siku ya kulazwa?

Kliniki ya maandalizi ifanyike wiki nne hadi sita kabla, si jana yake. Muda huo una sababu. Vidonge vya madini ya chuma vinahitaji wiki kadhaa kupandisha damu. Mgonjwa mwenye hemoglobini chini ya 13 g/dL akigunduliwa jioni ya kuamkia upasuaji, kinachobaki ni kuahirisha au kuongeza damu, na vyote viwili ni ghali. Anayevuta sigara akiacha kwa wiki nne au zaidi, mapafu na kidonda vinanufaika. Mwenye kisukari apimwe HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita. Vituo vingi huahirisha upasuaji usio wa haraka ikiwa imezidi asilimia 8.5, kwa sababu sukari ya juu huchelewesha kidonda kufunga na kukaribisha usaha.

Siku hiyo hiyo ya kliniki, mgonjwa aambiwe tarehe anayotarajiwa kuondoka, nayo iandikwe kwenye faili na kwenye karatasi atakayoishika mkononi. Aulizwe maswali ya nyumbani: nani atamchukua, nani atakuwa naye usiku wa kwanza, kuna ngazi ngapi, choo kiko wapi, simu ipi inapatikana. Mgonjwa wa goti afundishwe magongo wakati bado anatembea, maana kumfundisha akiwa na maumivu na usingizi wa dawa huchukua muda mara mbili.

Hatua hii ndiyo hupuuzwa kuliko zote, kwa kuwa haionekani wodini. Mgonjwa anapokwama siku ya tatu kwa kukosa mtu wa kumchukua, kosa lilifanyika mwezi uliopita.

Mgonjwa lazima afunge kula na kunywa tangu saa sita usiku?

Hapana. Kwa mtu mzima ambaye tumbo lake linasaga chakula kawaida, miongozo inaruhusu chakula chepesi hadi saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na vinywaji angavu hadi saa 2 kabla. Chakula chenye mafuta mengi kisubiriwe saa 8. Kinywaji angavu ni kile unachoweza kusoma maandishi kupitia kwake: maji, chai isiyo na maziwa, juisi iliyochujwa isiyo na nyama za tunda.

Anayepasuliwa saa nne asubuhi anaweza kunywa maji hadi saa mbili asubuhi. Kwa upasuaji mkubwa zaidi, wengi hupewa mililita 400 za kinywaji chenye gramu 50 hivi za wanga saa mbili hadi tatu kabla. Mgonjwa anafika akiwa na nguvu, kiu ni kidogo, na mwili unashughulikia sukari vizuri zaidi baada ya upasuaji. Kwa mwenye kisukari, uamuzi huo ni wa daktari wa usingizi.

Hali inayohitaji tahadhari ni ya mwenye utumbo ulioziba, mwenye tumbo linalochelewa kusaga, au aliye katikati ya uchungu wa uzazi. Hao wana maelekezo yao.

Mbona basi wodi nyingi bado zinafungisha watu usiku kucha? Kwa sababu orodha ya upasuaji hubadilika na amri moja kwa wote ni rahisi kuikumbuka. Matokeo yake, mgonjwa wa mwisho kwenye orodha huingia saa tisa alasiri akiwa hajatia maji kinywani kwa saa 15, mishipa haionekani, presha inashuka anapolazwa, na kichefuchefu kinamshika akiamka. Kinachosaidia ni muuguzi wa wodi kupigiwa simu mgonjwa wa kwanza anapoingia, ili anayefuata apewe glasi ya maji au azuiwe kwa saa yake halisi.

Maumivu yatulizwe vipi ili mgonjwa aweze kusimama siku ileile?

Kwa kuchanganya dawa zinazofanya kazi kwa njia tofauti, ili mofini na ndugu zake zibaki za akiba. Mofini hutuliza, lakini humlaza mgonjwa, humtapisha na kuufanya utumbo uzembee, yaani inaleta mambo matatu yanayomzuia kuondoka.

Msingi kwa mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50 ni paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, kwa mtu asiye na ugonjwa wa ini. Juu yake huongezwa ibuprofen miligramu 400 mara tatu kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo, moyo unaoshindwa kusukuma, au aliyepungukiwa maji. Dawa hizi zitolewe kwa saa, mgonjwa akiwa na maumivu au asipokuwa nayo. Chati ikiandikwa "akihitaji", mgonjwa mpole atavumilia, na maumivu yakishapanda hayashuki kwa vidonge.

Kisha ganzi ya mahali penyewe. Mpasuaji achome bupivakaini kwenye kingo za kidonda kabla ya kushona. Kipimo kisizidi miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 asizidi miligramu 120, ambazo ni mililita 48 za dawa ya asilimia 0.25. Kwa henia na upasuaji wa tundu dogo, mililita 20 hadi 30 kwa kawaida zinatosha. Ni hatua ya dakika mbili. Inaporukwa, sababu mara nyingi ni kwamba hakuna aliyeikumbusha timu.

Kutapika kunazuiwaje?

Pimeni hatari kabla. Kipimo cha Apfel kina mambo manne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, historia ya kutapika baada ya upasuaji au safarini, na kutarajiwa kupewa dawa za jamii ya mofini baadaye. Asiye na hata moja ana uwezekano wa asilimia 10 hivi. Moja 20, mawili 40, matatu 60, yote manne 80. Mwenye mawili au zaidi apewe kinga ya dawa mbili, kwa mfano deksamethasoni miligramu 4 hadi 8 mara baada ya kulala usingizi, na ondansetroni miligramu 4 upasuaji unapokaribia kwisha. Akitapika hata hivyo, apewe dawa ya kundi jingine. Kurudia ileile ndani ya saa chache hakusaidii sana.

Dripu, mpira wa mkojo na mirija mingine vitolewe lini?

Mapema kuliko desturi. Kila mrija ni kamba inayomfunga mgonjwa kitandani, na kila mmoja ni mlango wa vijidudu.

Dripu isimamishwe mgonjwa anapokunywa vizuri, ambayo kwa upasuaji mwingi ni jioni ileile. Maji ya ziada mwilini huvimbisha hata kuta za utumbo na kuuchelewesha kuamka. Mpimeni uzito asubuhi: akiwa ameongezeka zaidi ya kilo 2.5 baada ya upasuaji wa tumbo, amejazwa maji kupita kiasi.

Mpira wa mkojo, kama ulihitajika, utoke asubuhi inayofuata. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, utoke mara ganzi ya miguu inapoisha na anapoweza kusimama. Pangeni kuutoa alfajiri, ili mgonjwa awe na mchana mzima wa kujaribu kukojoa kabla ya saa ya kuondoka. Wodi inayotoa mipira saa nane mchana inajinunulia usiku mmoja zaidi kwa kila mgonjwa.

Mrija wa puani hadi tumboni hauna faida kama desturi baada ya upasuaji wa utumbo uliopangwa. Uondolewe kabla mgonjwa hajaamka. Mrija wa kutoa majimaji karibu na kidonda vilevile usiwekwe kwa mazoea tu. Ukiwekwa, mpasuaji aandike palepale utatoka lini na kwa kigezo gani. Sentensi hiyo moja isipoandikwa, muuguzi wa zamu ya usiku hatathubutu kuugusa, na hana kosa.

Atembee na kula lini?

Siku ya upasuaji. Lengo linalotumika sana baada ya upasuaji wa utumbo ni saa 2 nje ya kitanda siku hiyo hiyo, kisha saa 6 kila siku hadi aondoke. Saa hizo ni jumla ya kukaa kwenye kiti, kusimama na kutembea. Mara ya kwanza aketi ukingoni mwa kitanda dakika chache, apimwe presha, ndipo asimame akiwa na mtu kando yake. Akiona kizunguzungu, arudishwe na ajaribiwe tena baada ya saa moja au mbili. Asiachwe mpaka kesho.

Wodi isiyo na viti kando ya vitanda haitafikia lengo hili hata ikihubiriwa vipi. Vilevile chakula kikiletwa kitandani mara zote, mgonjwa hana sababu ya kuamka.

Kuhusu kula, maji aanze akishaamka vizuri na chakula chepesi jioni au asubuhi inayofuata, hata aliyeshonwa utumbo, mradi mpasuaji hana sababu maalumu ya kuzuia. Kusubiri hadi "apitishe hewa" kabla ya kupewa chakula ni desturi isiyohitajika tena kwa wengi.

Ni nani anayesema mgonjwa yuko tayari, na kwa vigezo gani?

Vigezo viandikwe kabla, na muuguzi aliyefunzwa awe na mamlaka ya kuruhusu vinapotimia. Daktari atoe ruhusa hiyo kwa masharti jana yake: "Akitimiza haya kesho asubuhi, aondoke." Asipotimiza hata kimoja, ndipo daktari aitwe.

Vigezo vya msingi ni hivi: maumivu yanatulizwa kwa vidonge, anakunywa na kula bila kutapika, anakojoa, anatembea kama alivyokuwa kabla au kwa kifaa alichofundishwa, joto na mapigo ya moyo viko kawaida, kidonda hakivuji, na kuna mtu nyumbani. Baada ya upasuaji wa utumbo ongezeni kipimo cha damu cha CRP, kinachopanda mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, siku ya tatu au ya nne kama bado yupo; kikizidi 150 mg/L asiruhusiwe kabla ya kutafutwa sababu, maana mshono wa ndani unaweza kuwa unavuja.

Kwa wanaoondoka siku ileile, vituo vingi hutumia alama za PADSS, yaani mfumo wa kupima kama mgonjwa yuko tayari kuondoka, zenye mambo matano: presha na mapigo, kutembea, kichefuchefu, maumivu, na kuvuja damu. Kila jambo lina alama 0 hadi 2, na mgonjwa huruhusiwa akipata 9 au 10.

Tumetimiza vigezo asubuhi lakini mgonjwa anaondoka jioni. Saa zinapotelea wapi?

Kwenye mambo yasiyo na uhusiano na kidonda. Fuatilieni wagonjwa kumi kwa saa na mtaona: raundi ilianza saa nne, dawa za nyumbani zikaandikwa saa sita, duka la dawa likazitoa saa nane, bili ikakamilika saa tisa, ndugu akapigiwa simu saa kumi. Kila idara inaona imechelewa saa moja tu.

Dawa za nyumbani ziandaliwe jana yake. Kwa upasuaji wa kawaida zinajulikana tangu mwanzo, hivyo pakiti iliyokwishafungwa inatosha. Bili ifungwe jioni na kubakishwa mstari mmoja wa asubuhi. Ndugu aambiwe saa, si siku tu. Raundi ianze na wanaotarajiwa kuondoka, kisha wagonjwa wengine. Aliye mahututi bila shaka huonwa kwanza kabisa.

Tazameni pia siku za wiki. Goti linalobadilishwa Ijumaa, mahali ambapo mtaalamu wa viungo hafanyi kazi mwishoni mwa wiki, litalala hadi Jumatatu. Kuhamishia magoti Jumatatu hadi Jumatano na kuweka henia Ijumaa hakugharimu chochote.

Upasuaji gani unaweza kufanywa na mgonjwa akalala kwake usiku huohuo?

Henia ya kinena, mtoto wa jicho, kutoa mfuko wa nyongo kwa laparaskopi kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, upasuaji mdogo wa mkono na mguu, na mwingi wa watoto. Wazo hili ni la kale: mwaka 1909 mpasuaji James Nicoll wa Glasgow alitoa taarifa ya karibu watoto 9,000 waliopasuliwa na kurudi kwa mama zao siku ileile.

Umri peke yake haumzuii mtu. Yanayozuia ni ugonjwa wa moyo au mapafu usiodhibitiwa, kukatika pumzi usingizini bila matibabu huku akihitaji mofini, kukosa mtu mzima wa kulala naye nyumba moja, na umbali. Jiulizeni kama anaweza kufika hospitali yenye mpasuaji ndani ya saa moja hivi usiku. Kama hawezi, kitanda katika nyumba ya wageni karibu na hospitali ni nafuu kuliko kitanda cha wodi, na ni salama kuliko nyumbani.

Kuweni waangalifu na tezi ya shingo. Damu ikivuja ndani ya shingo hubana njia ya hewa kwa dakika chache, na sehemu kubwa ya matukio hayo huja ndani ya saa 24 za kwanza. Usiku mmoja wa uangalizi hapo una thamani yake. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, akiwa hana homa wala tatizo na mtoto ananyonya vizuri, anaweza kuruhusiwa baada ya saa 24 kama anataka na kama kuna atakayemfuata nyumbani. Bila ufuatiliaji huo, asiharakishwe.

Tatizo likitokea nyumbani je?

Litatokea kwa baadhi, na mpango lazima ulitarajie. Maambukizi ya kidonda hujitokeza mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10. Mshono wa utumbo ukivuja, mara nyingi ni siku za mwanzo hadi wiki ya kwanza. Damu kuganda mguuni kunaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye, ndiyo maana aliyepasuliwa saratani ya tumbo mara nyingi huendelea na sindano za heparini hadi siku 28. Hata chini ya utaratibu wa zamani, mengi ya haya yalimkuta mgonjwa ameshaondoka. Tofauti ni kwamba sasa lazima muwe na njia ya kuyanasa.

Njia hiyo ina vipande vitatu. Muuguzi anampigia mgonjwa siku ya kwanza na ya tatu, akiwa na maswali yaliyoandikwa: maumivu yanaongezeka au yanapungua, umekula, umekojoa, umepata choo, una homa, kidonda kikoje, umetembea? Mgonjwa ana karatasi ya dalili za hatari: joto la nyuzi 38 na zaidi, maumivu yanayozidi licha ya dawa, kutapika mfululizo, tumbo kuvimba, usaha au damu kidondoni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi. Na ana namba moja inayopokelewa usiku na mchana na mtu anayejua upasuaji.

Akihitaji kurudi, aje moja kwa moja kwa timu iliyompasua. Akitumwa kusubiri kwenye mapokezi ya dharura akieleza habari zake upya kwa mtu asiyemjua, saa zinapotea, na mshono unaovuja haungoji.

Je, njia ya malipo inaathiri haya?

Sana. Hospitali inayolipwa kwa kila siku ya kitanda inapoteza mapato mgonjwa anapopona haraka, na hakuna semina itakayobadilisha hilo. Marekani ilipoanza mwaka 1983 kulipia wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, kiasi kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa, siku za kulazwa zilishuka upesi. Lakini malipo ya kifurushi nayo yana mtego wake: yanampa mtoa huduma sababu ya kumwondoa mgonjwa kabla hajawa tayari, hasa akilipwa upya mgonjwa anaporudi. Mkataba mzuri hujumuisha kurudi hospitalini ndani ya siku 30 katika malipo yaleyale.

Hesabu ya familia pia iwekwe mezani. Siku iliyotoka hospitalini inaingia nyumbani: mtu anakosa kazi ili auguze, dawa zinanunuliwa, kuna nauli ya kubadilisha bandeji. Kama hospitali imepunguza gharama kwa kuihamishia kwa binti wa mgonjwa, hakuna kilichookolewa. Mpeni vifaa vya kidonda na dawa za siku zote zinazohitajika.

Tupime nini?

Tumieni wastani wa kati, yaani siku za mgonjwa aliye katikati mkiwapanga kwa urefu wa kulazwa. Wagonjwa tisa wakilala siku 2 na mmoja siku 32, wastani wa kawaida ni siku 5, namba isiyomweleza mgonjwa hata mmoja. Ya kati ni 2. Huyo wa siku 32 achunguzwe peke yake.

Kisha hesabuni siku zote pamoja na za kurudi. Wagonjwa 100 wakishuka kutoka siku 3 hadi 2, mmeokoa siku 100. Waliorudi wakipanda kutoka 4 hadi 14, kila mmoja akilala siku 6, mmezirudisha 60, na kuna watu kumi walioumia. Namba ya siku za kulazwa isitolewe kamwe kwenye kikao bila ya waliorudi kando yake.

Pimeni pia utekelezaji: ni wangapi walikunywa maji saa mbili kabla, wangapi walipata ganzi ya kidonda, wangapi walisimama siku ileile. Siku za kulazwa zisipopungua, majibu yako hapo.

Tuanzie wapi?

Chagueni upasuaji mmoja mnaoufanya mara nyingi. Fungueni mafaili 20 ya karibuni na kwa kila siku baada ya ya kwanza andikeni sababu moja iliyomweka mgonjwa pale. Sababu mbili au tatu zitajirudia. Anzeni na hizo. Timu iwe na mpasuaji, daktari wa usingizi, muuguzi wa wodi na mtu wa fedha, ikutane dakika 30 kila wiki kwa miezi mitatu. Muuguzi mmoja apewe muda rasmi wa kazi hii. Akiongezewa juu ya zamu yake ya kawaida, itakufa mwezi wa pili.

Mgonjwa ametimiza vigezo lakini anaogopa kuondoka. Afanyeje?

Mwulizeni anaogopa nini hasa. Mara nyingi ni jambo moja: kidonda kufumuka akikohoa, choo cha kwanza, au usiku bila muuguzi. Muonyesheni jinsi ya kukumbatia mto tumboni anapokohoa, mpeni dawa ya kulainisha choo, pigeni naye ile namba ya simu akiwa bado kitandani asikie inapokelewa. Akiwa bado hana amani, abaki hadi jioni na apimwe tena. Hofu nyingine huwa ni dalili ambayo mgonjwa ameihisi kabla chati haijaionyesha, kwa hiyo kabla ya kumtuliza, mguseni tumbo.